Tarehe 0000-00-00 kwenye databesi: niweke NULL, niweke 9999-12-31, au nizime tu ukali?

Swali:

"Mkuu habari. Nimerithi mfumo wa wafanyakazi, aliyeuandika ameshaondoka zamani. Ulikuwa kwenye MySQL ya kizamani, nimeupandisha toleo jipya na sasa kila nikigusa jedwali inanigomea, Incorrect date value: '0000-00-00'. Hata nikibadilisha aina ya kolamu isiyohusiana kabisa na tarehe! Nimechungulia ndani, kolamu ya tarehe ya kuacha kazi imejaa 0000-00-00, nyingine 1900-01-01, chache 9999-12-31. Tarehe za kuzaliwa nazo zipo za aina ya 1985-00-00. Kuna walioniambia nizime tu huo ukali wa MySQL, wengine weka NULL kote, wengine wanasema NULL ni balaa weka 9999. Rekodi ni kama elfu arobaini na bosi anataka tuhamie PostgreSQL. Nishike lipi?"

Jibu:

Pole ndugu yangu, na hongera kwa kuchungulia kwanza, manake wengi wanaanza na UPDATE, amri ya kubadilisha data, halafu ndo wanakuja kuuliza.

Unauliza uweke thamani gani, na tutafika huko, ila kabla ya hapo kuna kitu lazima tukiseme wazi. Hizo tarehe zako siyo tarehe. Ni maneno yaliyovalishwa nguo za tarehe. Mtu mmoja alitaka kusema "huyu bado yupo kazini", mwingine "aliondoka ila sijui lini", mwingine wala hakutaka kusema kitu, alikosea kuandika tu, na wote wameishia kwenye sifuri zilezile. Kwa hiyo ukizigeuza zote kuwa NULL, yaani alama ya "hakuna thamani", kwa mstari mmoja hitilafu itaisha kweli, lakini na tofauti kati ya hao watu itaisha hapohapo na hutaipata tena.

Hilo la kukosea nilikazie, kwa sababu ni rahisi kudhani 0000-00-00 maana yake bado yupo kazini. Siyo lazima. MySQL za zamani zilikuwa na tabia ya kutokukataa kitu. Ukiipa 2019-06-31, siku ambayo haipo, haikukatalii, inakutolea onyo kimyakimya ambalo programu nyingi hata hazilisomi, halafu inahifadhi 0000-00-00. Ukigeuza siku na mwezi ukaandika 2019-25-12, hivyohivyo, sifuri. Yaani kwenye jedwali lako wapo watu walioacha kazi kabisa, tarehe yao iliandikwa, karatasi ipo kwenye faili, ila kwa databesi wanaonekana sawasawa na waliopo. Ule ukali (strict mode, mpangilio wa MySQL wa kukataa thamani mbovu) uliokuja kuwa wa kawaida kuanzia toleo la 5.7, mwaka 2015, uliletwa kuzuia hicho hicho. Ndo maana wanaokuambia uuzime siwaungi mkono, unakuwa umeondoa kengele na kuwaacha wezi. Kuuzima kwa dakika kumi ndani ya kikao chako kimoja cha usafi ni sawa, nitakuonyesha, kuuzima seva nzima na kusahau ni kujitafutia sifuri mpya kila siku.

Na kwa nini inagoma hata ukigusa kolamu nyingine? Kwa sababu badiliko la aina ile linailazimu MySQL ijenge jedwali upya, inanakili rekodi moja moja, na kila rekodi inayonakiliwa inakaguliwa kwa sheria za leo. Ikifika kwenye sifuri ya kwanza inasimama. Data ilikuwa mbovu miaka yote, sasa hivi tu ndo imepata mtu wa kuikagua.

Sasa tuingie chini kidogo, manake ukielewa tarehe inakaaje kwenye diski mambo mengi yanafunguka yenyewe. MySQL inahifadhi DATE kwa baiti tatu, na inapanga hivi: mwaka mara 16 mara 32, jumlisha mwezi mara 32, jumlisha siku. Ina vyumba vitatu, cha mwaka, cha mwezi na cha siku, na hamna kinachozuia chumba kuwa kitupu. Kwa hiyo 1985-00-00 kwake ni namba ya kawaida tu, 1985 mara 512, yaani 1,016,320, mwezi hamna, siku hamna, maisha yanaendelea. PostgreSQL haina vyumba. Yenyewe inahesabu siku kuanzia Januari mosi 2000, basi. Siku hiyo ni 0, ya kabla yake ni -1, iliyofuata ni 1. Kwenye hesabu ya namna hiyo mwezi sifuri utauweka wapi? Haupo hata kwa kulazimisha. Ndo maana data yako haiwezi kuingia huko kama ilivyo, na hamna mpangilio wa kuwasha au kuzima utakaokusaidia.

Mantiki hiyohiyo inakueleza zile 1900-01-01. Datetime, aina ya tarehe yenye saa ya SQL Server (databesi ya Microsoft), inahesabu siku kuanzia 1900-01-01, ukiipa maandishi matupu inayasoma kama sifuri, na sifuri ni siku hiyo. Kwa hiyo nakuambia hivi, hizo rekodi kuna uwezekano mkubwa zilipitia SQL Server kabla ya kufika kwako, mtu aliacha kisanduku kitupu. Kwenye mifumo inayohesabu sekunde kuanzia 1970 ungekuta 1970-01-01, na seva ikiwa imewekwa saa za Marekani unakuta 31 Desemba 1969, watu wanakuna kichwa wiki nzima. Kila mfumo una siku yake ya "sina kitu". Ukizijua unaanza kusoma data kama mpelelezi: tarehe ya ajabu inakuambia ilitokea mlango gani.

Haya, NULL sasa. Wanaoiogopa wana sababu, ila wanaiogopa kwa kitu kisicho chake. NULL siyo sifuri na siyo maandishi matupu, ni kusema hapa hakuna thamani. Ukiiuliza kama ni kubwa kuliko 2024-01-01 haikujibu ndiyo wala hapana, inakujibu "haijulikani", na WHERE, sehemu inayochuja rekodi, inachukua wenye ndiyo tu. Kwa hiyo kwiri (swali unaloiuliza databesi) ya `tarehe_kuacha > '2024-01-01'` iliyokusudiwa kuleta waliokuwepo siku hiyo itawaacha nje wote ambao bado wapo, bila kelele yoyote. Ukiandika NOT IN, yaani niletee wasiokuwemo kwenye orodha, na ndani ya orodha kuna NULL moja tu, unapata rekodi sifuri, na hapo ndo utatafuta kosa mpaka usiku. Tena Edgar Codd mwenyewe, aliyeleta wazo la databesi za mahusiano mwaka 1970, baadaye alipendekeza ziwe alama mbili tofauti, moja ya "ipo ila hatuijui" na nyingine ya "haimhusu kabisa". SQL, lugha ya kuziuliza databesi, imebaki na moja. Mpinzani mkubwa wa NULL naye anaitwa Chris Date, jina lenyewe utadhani alizaliwa kwa ajili ya mada hii.

Upande wa pili kuna 9999-12-31. Faida yake ni ya kweli, sitaki kuibeza: kwiri zinakuwa fupi, `mwanzo <= siku AND mwisho > siku` inafanya kazi bila OR wala IS NULL, indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) inatumika vizuri, na SQL Server wenyewe kwenye majedwali yao yanayotunza historia wanafunga rekodi hai kwa mwaka 9999. Kama jedwali zima ni la historia, kila rekodi ina mwanzo na mwisho, na programu ndo inaandika siyo watu kwa mikono, mimi sina ugomvi nayo.

Lakini kwako? Fanya hesabu ndogo. Wafanyakazi wanne, watatu wameondoka baada ya miaka 2, 3 na 4, wa nne ameajiriwa 2015 na bado yupo, amewekewa 9999-12-31. Ukitafuta wastani wa muda wa kukaa kazini unapata kama miaka 1,998. Watu watacheka, halafu watauliza hizo ripoti nyingine ulizowapa mwaka mzima zilitoka wapi.

Sasa usikimbilie kusema basi NULL imeshinda, manake weka NULL kwa yule wa nne na AVG, amri ya wastani, itamruka, unapata miaka 3 kamili. Namba nzuri, inaaminika, na ni uongo. Aliyedumu kuliko wote ametolewa kwenye hesabu. Mimi hii iliwahi kunikuta, siyo ya 1,998 bali ya pili, na nilikuja kuigundua baada ya miezi kadhaa kwa sababu hamna aliyeshtuka. Kosa linalochekesha linarekebishwa siku hiyohiyo, ila hili la pili lina adabu, linakaa. Dawa ni kusema unachomaanisha ndani ya kwiri, `COALESCE(tarehe_kuacha, CURRENT_DATE)`, yaani kama tarehe haipo tumia ya leo, ukitaka muda mpaka leo, na kuandika kwenye ripoti kwamba waliopo wamehesabiwa mpaka leo.

9999 ina vijitabia vingine pia. Ikiwa ni tarehe yenye saa, ukiihamisha ukanda wa saa kwenda mashariki inavuka mwaka 10000, na lugha ya programu ya Python inakataa hapohapo, mwisho wake ni 9999. TIMESTAMP, aina nyingine ya tarehe yenye saa ya MySQL, ndo kabisa, inaishia 19 Januari 2038, huiwezi hata kuiweka. Halafu binadamu, bana: mmoja ataandika 9999-12-31, mwingine 2099-12-31, mwingine 9999-12-30 kwa kuteleza kidole, sasa "bado yupo" ina sura tatu. Na kuna lisiloonekana: kile kipande cha databesi kinachopanga njia ya kwiri kinakadiria kwa kuangalia tarehe zimesambaaje, ukikipa tarehe moja iliyoko karibu miaka elfu nane mbele kinaweza kukosea makadirio kikachagua njia ndefu.

Ukihamia PostgreSQL utasikia habari ya `infinity`. Ni tarehe halali kule, kubwa kuliko zote, iko na kaka yake `-infinity`, na kiukweli ni nzuri kuliko 9999 kwa sababu haijifanyi siku fulani ya kalenda. Ila angalia draiva unayotumia, kile kiunganishi kati ya programu yako na databesi. Python haina tarehe isiyo na mwisho, draiva yake ya psycopg2 inaposoma infinity inakupa 9999-12-31, ukiirudisha inaandika 9999-12-31 yenyewe, kwa hiyo rekodi imebadilika bila wewe kukusudia. Na ukitoa tarehe kutoka kwenye infinity inakugomea, jambo ambalo mimi nalipenda, bora igome kuliko inipe 1,998.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, siyo kwa kila mtu: NULL kwenye tarehe, na kolamu ya pembeni inayosema kwa nini ni NULL. Iite `hali_ya_ajira`, thamani zake zinaweza kuwa 'kazini', 'ameacha', 'ameacha_tarehe_haijulikani', 'haijahakikiwa'. Kisha weka kizuizi ili hizo mbili zisipingane, wa 'kazini' asiwe na tarehe, wa 'ameacha' lazima awe nayo. Kwenye MySQL hakikisha uko 8.0.16 kwenda juu, kabla ya hapo CHECK, amri ya kuweka kizuizi hicho, ilikuwa inasomwa halafu inapuuzwa tu, unaandika unafurahi kumbe haifanyi lolote.

Kuhusu usafi wenyewe, anza na nakala ya databesi nzima, na uijaribu kuirejesha mahali pengine, nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Fanya kazi kwenye hiyo nyingine kwanza. Ukishafungua kikao:

`SET SESSION sql_mode = '';`

Hiyo inakuhusu wewe tu na inakufa ukifunga. Usiandike SET GLOBAL, hiyo inagusa seva nzima. Kisha, kabla ya kubadilisha chochote, ongeza kolamu ya maandishi, `tarehe_kuacha_asili CHAR(10)`, unakili humo kila kitu kama kilivyo, sifuri kwa sifuri. Elfu arobaini mara herufi kumi ni kitu kidogo mno, na siku mtu akikuuliza "hii ilikuwa nini mwanzo" una jibu. Halafu hesabu kila tarehe ya ajabu ipo mara ngapi, na kwa kila kundi angalia dalili nyingine: analipwa mpaka mwezi uliopita? akaunti yake imefungwa? Mwenye sifuri anayelipwa yupo kazini. Mwenye sifuri ambaye hajalipwa miaka sita ni wa kwenda kutafutiwa faili. Wa katikati, mpe 'haijahakikiwa' na usimkisie.

Kuna mtego hapa, usinaswe: kwenye kolamu ya DATE iliyotangazwa NOT NULL, MySQL ukiiuliza `tarehe_kuacha IS NULL` inakuletea zile 0000-00-00. Ndiyo, umesoma sawa, kolamu isiyoruhusu NULL inajibu swali la NULL, ni tabia ya zamani iliyowekwa kwa ajili ya programu zinazounganishwa kwa ODBC, njia ya kawaida ya kuunganisha programu na databesi. Kwa hiyo usitumie hiyo kuhesabu, tumia `tarehe_kuacha < '1000-01-01'` kwa sifuri kamili, na kwa za nusu `MONTH(tarehe_kuzaliwa) = 0 OR DAYOFMONTH(tarehe_kuzaliwa) = 0`. Makundi yakishatengana badilisha kolamu ikubali NULL, thamani yake ya kuanzia iwe NULL badala ya sifuri, ndo ufanye UPDATE.

Tarehe za kuzaliwa ni kesi tofauti, na hapa naomba usiweke NULL. 1985-00-00 ina habari ya kweli ndani yake, mwaka unajulikana. Ukiweka NULL umeutupa, ukiweka 1985-01-01 umedanganya, na ule uongo unajulikana sana, ukikuta kwenye databesi watu mia tatu wamezaliwa Januari mosi ujue siyo bahati. Tenga `mwaka_kuzaliwa`, `mwezi_kuzaliwa` na `siku_kuzaliwa`, mwezi na siku zikubali NULL. Au weka tarehe moja pamoja na kolamu ya usahihi inayosema 'mwaka', 'mwezi' au 'siku', ila hii ya pili inataka nidhamu, kila anayeandika kwiri akumbuke kuiangalia, na watu husahau. Mimi ningetenga.

Kwenye kuhama, zana kama pgloader ina uwezo wa kugeuza sifuri zote kuwa NULL yenyewe njiani. Inarahisisha sana, lakini ndo ile niliyokuonya mwanzo, inawachanganya wote kwenye kapu moja, kwa hiyo tenganisha makundi ukiwa bado MySQL. Na ukifika upande wa pili usishangae ripoti zimegeuka kichwa chini, MySQL ukipanga kupanda inaweka NULL mwanzo, PostgreSQL inaziweka mwisho. `ORDER BY tarehe_kuacha IS NULL, tarehe_kuacha` inaenda sawa kote kuwili. Pitia pia msimbo (code) wa programu, tafuta '0000-00-00' na '9999' kila mahali, huwa kuna sehemu imeandikwa "kama ni sifuri onyesha Yupo", hiyo ukiiacha skrini itaonyesha patupu. Kama imeandikwa kwa lugha ya PHP na umewahi kuona mtu ameacha kazi 30 Novemba ya mwaka -0001, sasa unajua ilitoka wapi.

Kuna mahali mimi kwa maandishi tu siwezi kukusaidia. Kama hizo tarehe ndo zinazotumika kukokotoa mafao, malimbikizo au haki yoyote ya mtu, usiamue peke yako kwenye kiti chako. Kaa ana kwa ana na mtu wa rasilimali watu anayezijua faili, pitieni wale 'haijahakikiwa' jina kwa jina, na anayethibitisha asaini. Na kama kuna mifumo mingine inayosoma jedwali hilohilo, mishahara, mahudhurio, tafuta mwenye uzoefu wa kusimamia databesi aje akae pembeni yako siku ya kuendesha kwenye data halisi, hata kwa siku moja. Ile kolamu ya asili usiifute mpaka mzunguko mzima wa ripoti za mwaka upite na kila idara iwe imeziona namba zake.